Noti ya Dereva na Mwili wa Shangazi

Januari 2025, wiki ile Rais Samia alipotangaza akiwa Dodoma kwamba Marburg, homa kali ya virusi iliyo ndugu wa Ebola, imethibitika wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, nilisimama Uyole, hapa Mbeya, kununua viazi. Mbele yangu alikuwa dereva wa lori la shaba, katoka Lubumbashi, Kongo, kapita Tunduma, anaelekea Dar. Alichagua ndoo yake ya viazi, akatoa noti ya elfu kumi. Mama muuzaji aliipokea kwa ncha ya kanga, akaiweka juu ya kopo lililofudikizwa, akaikandamiza kwa jiwe. "Ikae juani kwanza," akasema, akinitazama mimi. Jua lenyewe lilikuwa la kuviziana na mvua. Dereva alicheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Saa nane mchana mama huyo huyo alifunga biashara. Alikuwa anawahi msiba Tukuyu. Shangazi yake amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo, baada ya wiki ya homa kali, kutapika na kuharisha. Nyumbani walisema taifodi imempanda kichwani. Hakupimwa, alinunuliwa vidonge duka la dawa, vilipoisha akanunuliwa vingine. Sasa yeye na dada zake ndio wangemwosha na kumvika. Hakuna aliyemwambia abebe hata glovu, na mimi sikumwambia. Nilimpa pole na rambirambi kidogo, nikaondoka na viazi vyangu.

Shangazi yule hakufa kwa Marburg. Milipuko yote miwili iliyotangazwa nchini, wa 2023 na wa 2025, ilikuwa Kagera, mamia ya kilomita kutoka Mbeya. Uwezekano mkubwa ni kwamba aliondoka na ugonjwa wa kawaida ambao kipimo na dripu vingeuweza. Lakini tukiiweka noti ile upande mmoja na mwili ule upande wa pili, tukauliza kipi kati ya hivyo kingeweza kumpa mtu Marburg au Ebola, jibu ni mwili. Kwa mbali sana.

Nimejaribu kujiuliza kwa nini mwanamke mwenye akili zake, anayehesabu chenji kuliko mashine, aogope noti na asiogope mwili. Sidhani ni ujinga. Nadhani anapima ugonjwa mpya kwa mizani ya magonjwa aliyokwisha kuyaona.

Mizani ya kwanza ni ya UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Sisemi kirusi kilitoka huko kuja huku, njia zake zilikuwa nyingi, lakini kila mtu wa umri wangu Nyanda za Juu Kusini anakumbuka habari zilivyoanza kama hadithi ya Bukoba, na baada ya miaka michache tukawa tunazika hapa. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta Njombe ina maambukizi ya asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Kwa hiyo mtu wa Uyole akisikia "Kagera" na "kirusi" katika sentensi moja, halafu akaona lori, ana haki ya kushtuka. Barabara ya Zambia ilishatufundisha hilo.

Lakini VVU vilitupata kwa sababu ya tabia moja mahsusi: vinakaa ndani ya mtu mzima wa afya, anayekula, anayecheka, anayeendesha lori, miaka minane hata kumi, na muda wote huo, bila dawa, vinaambukiza. Mizani ya pili ni ya Korona, iliyothibitishwa nchini Machi 2020. Ile ilipita hewani, na mtu aliweza kuigawa siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Ndipo tulipojifunza ndoo zenye bomba, barakoa, na kutazamana kwa jicho la pembeni kila mtu akikohoa ndani ya daladala.

Marburg na Ebola, ambao ni ndugu wa ukoo mmoja wa virusi, hawafuati kanuni yoyote kati ya hizo mbili. Mtu aliyeambukizwa hukaa kati ya siku 2 na 21 kirusi kikiatamia. Katika siku hizo haambukizi. Ukila naye sahani moja, ukilala naye chumba kimoja, ukipokea noti yake, hupati kitu. Anaanza kuambukiza anapoanza kuumwa, na hata hapo siku za mwanzo virusi ni vichache. Vinaongezeka kadiri ugonjwa unavyomzidi. Vinakuwa vingi kupita kiasi pale anapotapika, anapoharisha, anapovuja damu, yaani pale asipoweza kutembea wala kushika usukani. Na vinafika kilele anapokufa.

Kirusi pia hakirushwi na pumzi kama cha surua. Kinahitaji majimaji ya mwili: damu, matapishi, kinyesi, mkojo, jasho la mgonjwa, maziwa ya mama, shahawa. Majimaji hayo yapate mlango, kidonda au mkwaruzo, jicho, pua, mdomo. Ndiyo maana mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, lakini wa Ebola huambukiza kwa wastani mmoja au wawili.

Swali linalofuata ni rahisi kuuliza na gumu kulimeza: hao wawili ni nani? Si abiria wa kiti cha nyuma. Ni yule aliyeshika beseni usiku, aliyefua shuka, aliyemgeuza ubavu. Ni nesi aliyemchoma sindano bila glovu kwa sababu glovu zimeisha. Ni wale waliomwosha. Hivi ni virusi vya wauguzaji, na kwetu tunajua kuuguza ni kazi ya nani: mama, binti, dada, shangazi.

Kuna tukio moja la Sierra Leone ambalo watafiti waliosoma chembe za urithi za kirusi chenyewe walilieleza. Mwaka 2014 mganga mmoja wa kienyeji, aliyekuwa akipokea wagonjwa kutoka upande wa Guinea, alifariki. Watu wakaenda kuzika. Wataalamu walipofuatilia mgonjwa mmoja wa kwanza aliyefika hospitali ya Kenema, waliwapata wengine 13 walioambukizwa. Wote walikuwa wanawake. Wote walikuwa kwenye mazishi yale. Mlipuko wa Afrika Magharibi ulipomalizika 2016 ulikuwa umegusa watu zaidi ya 28,600 na kuua zaidi ya 11,300.

Soma tena habari hiyo ukiwa umewahi kukaa msiba wa Rungwe au Kyela. Wanaume nje kwenye moto, chini ya turubai. Wanawake ndani, wamemzunguka marehemu, na anayeingia kutoka safari anakwenda moja kwa moja kumshika. Asiyemgusa anaonekana ana neno moyoni. Mkono wa pole hupokelewa kwa mikono miwili, na unasalimia watu hamsini kabla hujakaa. Mimi nimekulia humo na sioni aibu. Ni namna nzuri ya kuagana na mtu. Ila ukimwomba adui achore mahali pa kukaa kirusi hiki, atakuchorea hicho hicho chumba.

Vipi kuhusu lori, basi?

Sitaki nionekane nimemsafisha dereva kabisa. Mtu aliyemuuguza mgonjwa Kagera au Kongo anaweza kupanda basi akiwa mzima na kufika Mbeya kabla hajasikia hata kichwa kuuma, maana safari ni siku mbili na kirusi kina siku 21. Mwaka 2008 mgonjwa mmoja alisafirishwa kwa ndege ya wagonjwa kutoka Lusaka, jirani zetu hapo ng'ambo ya Tunduma, kwenda Johannesburg. Alikuwa na kirusi ambacho hakuna aliyekuwa anakijua. Watu wengine wanne wakaambukizwa, mmoja wao mhudumu aliyekuwa naye ndani ya ndege, wengine wa hospitalini. Kati ya wote watano alipona mmoja. Kirusi kikaitwa Lujo, herufi mbili za mwanzo za mji wa kwanza na mbili za mji wa pili. Kwa hiyo ndiyo, vitu hivi husafiri. Lakini angalia nani aliambukizwa: wahudumu.

Hapa ndipo watu hulalamikia vile vipimajoto vya mpakani. "Wananielekezea bastola ya plastiki pale Tunduma, ina faida gani?" Faida ipo, ndogo kuliko inavyosemwa na kubwa kuliko inavyodharauliwa. Kipimajoto hakiwezi kumwona mtu ambaye kirusi bado kinaatamia ndani yake, kwa kuwa hana joto. Na kitawakamata wengi wenye malaria. Lakini yule kisichomwona ndiye ambaye kwa wakati huo haambukizi, na yule kinachomwona ndiye anayehitaji kuulizwa: umetoka wapi, umeuguza nani, umezika nani? Maswali hayo matatu yana thamani kuliko kifaa chenyewe. Dereva akificha kwa kuogopa kuzuiwa na mzigo wa watu, tumepoteza. Ukimtukana kila anapopita, atajifunza kuficha.

Mipaka yetu miwili, Tunduma kwa Zambia na Kasumulu kwa Malawi, ina watu wanaovuka kwa miguu mara nne kwa siku kwenda kununua sabuni na kurudi. Hakuna mashine itakayowasimamia hao wote. Kinachowasimamia ni zahanati ya kijiji ambayo mgonjwa ataiendea akiwa na homa siku ya pili, siyo siku ya saba.

Tatizo ni kwamba siku ya pili Marburg haina sura. Homa ya ghafla, kichwa, misuli kuuma, uchovu. Nani kati yetu hajawahi kuwa hivyo? Picha ya mtu anayevuja damu machoni imetuharibia. Wengi hawavuji damu kwa namna inayoonekana, na wanaovuja huwa ni baadaye, kwenye fizi, puani, kwenye choo, pale sindano ilipopita. Anayesubiri damu ndipo ahisi kitu, amechelewa siku tano.

Na kinyume chake pia hutokea: damu inaonekana, mji unahama, kumbe si hiki. Julai 2022 huko Ruangwa, Lindi, watu waliugua homa, wakatokwa damu puani, watatu wakafa. Simu zilijaa Ebola. Maabara ikasema ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaotokana na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na unaotibika kwa dawa za kawaida za bakteria. Mwaka 2007 ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa, iliyofika hadi mkoa wa Iringa. Hiyo ni ya kirusi kweli, lakini ya mifugo na mbu. Mabucha yalikosa wateja, na safari ile woga wa nyama mbichi ulikuwa na msingi.

Sasa niende kwenye swali ambalo naulizwa kwa hasira zaidi kuliko yote. "Mbona walisema haipo, kisha wakasema ipo?"

Mambo yalikwenda hivi. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu tisa wanaohisiwa kuwa na Marburg Kagera, wanane wakiwa wameshafariki. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hadi tarehe 15 zote ni hasi. Tarehe 20 Rais, akiwa na mkuu wa shirika hilo, Tedros, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika na wahisiwa wengine 25 wamepimwa wakaonekana hawana. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi hesabu ilikuwa wawili waliothibitika na wanane wanaodhaniwa kwa uzito mkubwa. Wote kumi walikuwa wamekufa.

Wanane wasiothibitika, walikufa kwa nini hasa? Hapo ndipo penye fundo. Waliofariki mwanzoni walizikwa kabla sampuli haijachukuliwa. Huwezi kupima kaburi. Wakaunganishwa na ugonjwa kwa dalili zao na kwa kuwa waligusana na wagonjwa wengine. Waliopimwa wiki ile ya kwanza wengi walikuwa watu wengine walio hai wenye homa. Majibu yao yalikuwa hasi, na huenda yalikuwa sahihi kabisa. "Sampuli zote ni hasi" na "ugonjwa upo" zinaweza kuwa kweli kwa saa moja.

Kuna jambo la pili. Kipimo kinachotafuta kirusi kwenye damu kinaweza kisikione katika siku tatu za kwanza za dalili, kwa sababu bado kipo kidogo. Ndiyo maana mhisiwa mwenye jibu hasi aliyewahi kuja hospitali hurudiwa kupimwa baada ya saa 72. Hasi ya siku ya kwanza ni sawa na kuchungulia shimo la panya mara moja ukasema hakuna panya.

Hayo ndiyo maelezo ya maabara. Lakini sitajifanya kwamba yanamaliza swali. Taarifa ya kwanza ingeweza kusema: hatujaikuta kwenye sampuli hizi, tunaendelea kutafuta, wakati huo msiwaoshe wafu wenu wenyewe. Ilisikika mtaani kama "hakuna kitu". Machi 2023 mambo yalikwenda vizuri zaidi: serikali ilisema mapema kuna ugonjwa usiojulikana Bukoba, watano wamekufa, tunachunguza, siku chache baadaye, tarehe 21, jina likatajwa. Wagonjwa waliishia tisa, vifo sita, na ikafungwa tarehe 2 Juni. Ukimwambia mtu "hatujui bado" anakuvumilia. Ukimwambia "hakuna" na kesho "ipo", siku ya tatu ukimletea chanjo ya kitu kingine kabisa atakutazama tu.

Ndugu wengine wamechukua kutoka hapo hitimisho kwamba ni biashara ya wazungu. Sina la kuwaambia zaidi ya kwamba Guinea, Septemba 2014, kwenye kijiji cha Womey, watu walioamini hivyo waliwaua watu wanane waliokuja kuelimisha, wahudumu, viongozi na waandishi wa habari. Kirusi hakikupungua.

Swali la "dawa hakuna, ukiupata umekufa" linahitaji kukatwa vipande. Kumi kwa kumi Biharamulo kunatisha. Lakini Rwanda, mlipuko wa Marburg uliotangazwa 27 Septemba 2024 ulikuwa na wagonjwa 66 na vifo 15, chini ya robo. Kirusi ni kile kile. Kilichotofautiana ni kwamba Rwanda wengi walikuwa wahudumu wa afya, vijana, waliogunduliwa mapema, wakalazwa penye mashine za kupumulia, dripu zinazopimwa kwa hesabu, na dawa za majaribio. Biharamulo wengi waligunduliwa wakiwa wameshazikwa. Kinachomuua mgonjwa mara nyingi ni mwili kukauka maji, chumvi za damu kuvurugika, figo na presha kuanguka. Hayo yana tiba. Kusema hakuna dawa inayoua kirusi si sawa na kusema hospitali haina la kufanya, na tofauti kati ya sentensi hizo mbili ni watu wengi sana walio hai Kigali.

Kwa Ebola ya aina ya Zaire tumekwenda mbali zaidi. Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo aliyekuwa Yambuku mwaka 1976 ugonjwa ulipoonekana mara ya kwanza, akichukua damu kwa mikono mitupu, ndiye baadaye aliyefanya kazi iliyozaa mojawapo ya dawa mbili za kingamwili zilizoonyesha kuokoa wagonjwa katika mlipuko wa Kivu wa 2018 hadi 2020. Na chanjo ipo tangu 2019. Mtu huuliza: kama ipo, kwa nini hatuchanjwi Mbeya? Kwa sababu inakinga aina hiyo moja. Uganda ilipopata aina ya Sudan mwaka 2022, chanjo hiyo haikuwafaa. Marburg haina chanjo iliyoidhinishwa. Na hata penye chanjo, haitolewi kwa mji mzima, inatolewa kwa duara: waliogusana na mgonjwa, na waliogusana na hao, pamoja na wahudumu. Kirusi kinachotembea kwa kugusana kinazungushiwa ukuta hapo kilipo.

Popo nisiwasahau, maana kila mlipuko ukitajwa kuna mtu anataka kwenda na moshi kwenye mapango ya bonde la Songwe. Marburg huishi kwa popo wa aina moja hasa, yule mla matunda anayelala mapangoni na kwenye migodi kwa maelfu. Popo wengi si huyo. Na kuwaua hakusaidii: mgodi wa Kitaka, Uganda, wachimbaji waliwaangamiza popo baada ya wenzao kuugua 2007. Popo wapya walihamia, na watafiti walipopima wakakuta wenye kirusi ni zaidi ya mara mbili ya wale wa zamani. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka mji wa jirani. Ukiwa na kazi ya kuchota mbolea ya popo, vaa buti, glovu na kitu cha kuziba pua na mdomo, usile humo ndani. Tunda lililotafunwa nusu, litupe.

Kuna kona moja ambapo kanuni ya UKIMWI inarudi, na ni haki niiseme. Mwanaume aliyepona anaweza kubaki na kirusi kwenye shahawa kwa miezi mingi, wengine zaidi ya mwaka. Mlipuko wa Guinea wa 2021 ulionekana kutokana na kirusi kilichobaki kwa mtu tangu mlipuko wa miaka ya 2014 hadi 2016. Kwa hiyo aliyepona hupewa kondomu na kupimwa mara kwa mara. Kukaa naye, kula naye, kumkumbatia, hakuna shida. Siku 42 zinazohesabiwa kabla ya kutangaza mwisho wa mlipuko, yaani 21 mara mbili, haziondoi kona hii, ndiyo maana ufuatiliaji huendelea hata baada ya hotuba.

Nilirudi Uyole wiki mbili baadaye. Mama wa viazi alikuwa amerudi kutoka msibani, amenyoa. Nilimweleza haya yote vibaya, kwa kurukaruka, katikati ya wateja. Kuhusu noti alinielewa haraka: kirusi hiki kina koti la mafuta, sabuni inalivunja kama inavyovunja mafuta kwenye sufuria ya maandazi, kwa hiyo anawe mikono na aache kuzianika pesa. Kuhusu jiki pia: kopo moja la ile ya asilimia 3.5 kwa makopo sita ya maji, kwa sakafu na beseni la matapishi, siyo kwa ngozi. Ya mikono inachanganywa nyepesi mara kumi ya hiyo.

"Na shangazi?" akauliza. "Tusingemwosha?"

Nikamwambia kama kungekuwa na mlipuko umetangazwa huku, wasingemgusa. Wangepiga 199, namba ya bure ya Wizara, wangekuja watu wenye vifaa kinga. Siku hizi, tofauti na ilivyokuwa mwanzoni Afrika Magharibi, familia haifukuzwi. Mnachagua jeneza, mchungaji anasali, mnasimama hatua kadhaa na kutazama, wawili wenu mnaweza kuvalishwa mkashuhudia. Mnazika kwenu.

Akanyamaza akipanga viazi, vikubwa juu, vidogo chini, kama wanavyofanya wote.

"Lile blanketi lake," akasema. "Alilofia. Tumegawana vitu, mimi nimepewa blanketi. Nalo?"

Nikasema kwenye mlipuko, blanketi la mgonjwa linachomwa. Mara nyingine familia hupewa jipya.

"Jipya la nani? Lile alinunua Blantyre mwaka tumemaliza nyumba." Akamgeukia mteja mwingine. "Hapo na hao watu wako wa kuvaa tungegombana, kaka. Ndoo ngapi?"